Tumelitwaa Kombe la Afrika mara mbili, hatujaliandaa hata mara moja: ni nini hasa kinachotukwamisha?

Mwana wa Kamalondo
Salamu kwenu nyote. Tangu Agosti 2025, nilipokuwa nikitazama CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani) iliyoandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda, kuna jambo linaloniwasha. Nchi hizo tatu ndizo zilizopewa pia Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) la 2027, ingawa hakuna hata moja kati yake iliyowahi kulitwaa. Sisi Wakongo wa DRC tulilitwaa mwaka 1968 kule Addis Ababa, tukalitwaa tena mwaka 1974 kule Cairo, na mwaka huohuo wa 1974 Leopards, timu yetu ya taifa, wakawa timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Hapa Lubumbashi kwenyewe, Mazembe wamekuwa mabingwa wa klabu za Afrika mara tano, na mwaka 2010 walifika fainali ya dunia ya klabu kule Abu Dhabi. Pamoja na hayo, AFCON haijawahi kuchezwa kwetu hata dakika moja, wala hatujawahi kupewa nafasi hiyo. Dai langu ni fupi: watu tunao, mpira tunao, tunachokosa ni viwanja tu. Tukipata viwanja sita vinavyokubalika, mengine yatafuata. Anayeona vinginevyo aseme, na aseme kwa hoja.

Kijana wa Bel-Air
Kaka, Kenya ipi hiyo iliyopewa AFCON? Nimepita Kenya leo asubuhi kununua samaki na sikuona maandalizi yoyote. (Wasomaji wa mbali wasishangae: hapa Lubumbashi tuna komini inayoitwa Kenya, na ndani yake umo uwanja wetu mkubwa wa zamani.)

Reli ya Zamani
Mdogo wangu wa Kamalondo, asante kwa uzi, lakini umeteleza mahali pamoja ambapo pana uzito. Si kweli kwamba hatujawahi kupewa. Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, ndiyo iliyokuwa imepangiwa AFCON ya 1994, kabla ya mashindano hayo kuhamishiwa Tunisia. Walio na umri wangu wanakumbuka nchi ilivyokuwa. Septemba 1991 wanajeshi waliipora Kinshasa, na Januari 1993 uporaji ulirudi baada ya wanajeshi kulipwa mishahara kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa. Sisemi kwamba noti hizo peke yake ndizo zilizotunyang'anya mashindano, lakini jiulize ni mgeni gani angekubali kuja kulala katika mji ambao askari wake hawawezi kununua mkate.

Na sikiliza kinaya chake. Ule uwanja mkubwa wa Kinshasa, ambao siku hizo uliitwa Kamanyola na leo unaitwa Stade des Martyrs, ulifunguliwa mwaka uleule wa 1994. Uwanja ulikuja, mashindano yakachezwa Tunis. Kwa hiyo hoja yako ya kwamba viwanja vikipatikana mengine yatafuata, historia ilikwisha kuijibu kabla wewe hujazaliwa.

Kuhusu mataji matano ya Mazembe, jirani zetu wa Kamalondo, ni haki pia kukumbusha kwamba lile la kwanza, la 1967, lilipatikana baada ya Asante Kotoko kutotokea kwenye mechi ya tatu ya kuamua, baada ya sare mbili. Ni taji halali, sikatai. Nasema tu kwamba mpinzani hakuwepo.

Mwana wa Kamalondo
Baba Reli, nakubali marekebisho ya 1994, na nitalibeba kosa langu. La 1967 nitalibeba pia, kwa sababu taji ni taji. Ninyi wa Lupopo, klabu ya wanareli, mnaijua sana historia kwa kuwa huko ndiko mlikohifadhi vikombe vyenu.

Hata hivyo mfano wako hauiangushi hoja yangu. Uwanja mmoja si viwanja sita. Kama mwaka 1992 tungekuwa navyo vyote sita vimesimama, huenda CAF, shirikisho la soka la Afrika, ingetusubiri.

Mhandisi wa Ruashi
Naomba kuingia hapa, kwa kuwa kazi yangu ni ujenzi. Neno «viwanja sita» linatamkwa haraka mno. AFCON ya timu 24 ina mechi 52. Côte d'Ivoire walitumia viwanja sita katika miji mitano, na Kameruni vilevile. Sisi leo tuna Stade des Martyrs, unaochukua watu wapatao 80,000, na tuna uwanja wa Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011, ambao una nyasi bandia na unachukua watu wapatao 18,500. Huu wa pili unaweza kubeba mechi za makundi. Nusu fainali hauwezi. Nyuma ya kila uwanja wa mechi kuna viwanja vya mazoezi, kwa sababu timu nne zilizo katika mji mmoja haziwezi kupokezana uwanja mmoja wa shule, na waamuzi nao wanahitaji mahali pao pa kukimbia. Hivyo ndivyo vitu ambavyo watu huvisahau, kwa kuwa havionekani kwenye televisheni.

Kisha kuna maji. Uwanja wa Ebimpé karibu na Abidjan ulifunguliwa mwaka 2020, ukiwa mpya kabisa na wa watu 60,000. Septemba 2023, miezi minne tu kabla ya mashindano, mechi ya kirafiki kati ya Côte d'Ivoire na Mali ilisimamishwa kwa sababu mvua iliugeuza uwanja kuwa bwawa. Majukwaa yalikuwa mazuri, lakini mifereji iliyo chini ya nyasi ilishindwa. Waliirekebisha, na fainali ya Februari 2024 ikachezwa palepale. Fikirieni sasa mvua zetu za Januari hapa Katanga. Kama mashindano yangepangwa Juni na Julai, Lubumbashi kungekuwa kukavu na baridi, na Kinshasa nako ni kiangazi. Huo ni wakati mzuri kwa miji yote miwili, na ni jambo ambalo halihitaji fedha yoyote.

Mama wa Katuba
Wanangu, mnajenga majukwaa na mifereji. Mimi nataka kuzungumzia milango.

Siku za mechi huuza bukari (ugali) na samaki karibu na uwanja mmoja wa mji huu, ambao sitautaja. Miaka kadhaa iliyopita, mtoto wa marehemu dada yangu alinisumbua mpaka nikakubali kumpeleka ndani kutazama mechi kubwa, badala ya kukaa nje na sufuria. Alikuwa na miaka tisa. Mechi ilipokwisha, maelfu ya watu wa upande wetu walielekezwa kwenye mlango mmoja wa chuma, ambao upana wake haukuzidi mikono yangu miwili nikiitandaza. Kulikuwa na milango mingine miwili, ila mwenye funguo hakuonekana. Hakukuwa na ugomvi wala mabomu ya machozi. Watu walikuwa wamefurahi, wanaimba. Nilimwinua mtoto juu ya kichwa changu kwa sababu chini hakukuwa tena na hewa. Kiatu changu kimoja kilibaki huko. Tulipotoka nje, mtoto aliniuliza kwa nini ninalia na hali timu yetu imeshinda.

Sisi tulitoka. Mei 2014, kwenye uwanja wa Tata Raphaël kule Kinshasa, katika mechi ya klabu za Vita na Mazembe, watu 15 hawakutoka. Oktoba 2022, kwenye tamasha la muziki pale Stade des Martyrs, watu 11 hawakutoka. Na Kameruni, walipoandaa hiyo AFCON yao ya 2021, watu wanane walikufa mlangoni pa uwanja mpya wa Olembe. Uwanja mpya, wanangu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba tunakosa viwanja, mimi humwuliza: funguo ziko kwa nani?

Kijana wa Bel-Air
Mama, umeninyamazisha, na hilo si jambo rahisi. Nitatia marekebisho madogo tu kwa heshima: mashindano yaliitwa ya 2021 lakini yalichezwa mwaka 2022 kwa sababu ya ugonjwa, na ajali ya Olembe ilitokea tarehe 24 Januari 2022, kabla ya mechi ya Kameruni na Komoro. Watu walielekezwa kwenye lango ambalo lilikuwa limefungwa. Hadithi ni ileile ya kwako, isipokuwa wao walikuwa wakiingia na ninyi mlikuwa mkitoka.

Mhandisi wa Ruashi
Mama Katuba, maneno yako yana hesabu ndani yake, na naomba niionyeshe. Kwa kipimo kinachotumiwa na wapangaji wa viwanja wa Uingereza, upana wa mita moja kwenye njia tambarare hupitisha watu 82 kwa dakika, na kwenye ngazi watu 66, na watazamaji wote hutakiwa wawe wameondoka kwenye majukwaa ndani ya dakika nane. Kwa uwanja wa watu 80,000 hiyo ni watu 10,000 kila dakika, yaani milango ambayo ukiiunganisha inafikia mita 122 za upana, yote ikiwa wazi kwa wakati mmoja. Kwa uwanja wa watu 18,500 ni mita 28 na kitu. Ule mlango wako wa mikono miwili tuuhesabu kuwa mita moja na nusu: unapitisha watu 123 kwa dakika. Kama upande wenu mlikuwa 10,000, mngehitaji zaidi ya dakika 80 kutoka. Hakuna umati wenye furaha unaosubiri dakika 80.

Msafiri wa Kasumbalesa
Nimesoma yote kwa makini. Naona mnazungumza kana kwamba timu na mashabiki watafika kwenye hiyo milango kwa miujiza. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na nani kati yenu amewahi kwenda huko kwa gari akafika wiki ileile? Njia ya wazee ilikuwa treni mpaka Ilebo, halafu meli ya mtoni. Shabiki wa Misri ambaye timu yake imecheza Lubumbashi Jumatatu na itacheza Kinshasa Ijumaa hana njia nyingine isipokuwa ndege, na ndege hizo tunazijua: tiketi unaishika mkononi asubuhi, safari inaahirishwa jioni. Mwaka jana nilikaa siku mbili kwenye kiwanja cha ndege nikiwa na mzigo wa vitenge, na hakuna aliyekuja kuniambia hata pole.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kuiacha Kinshasa na kutazama kusini. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko kwenye barabara moja: kilomita 120 mpaka Likasi, takriban 300 mpaka Kolwezi. Ukivuka Kasumbalesa unaingia Zambia, ambako Ndola wana uwanja wa Levy Mwanawasa, uliofunguliwa mwaka 2012 na unaochukua karibu watu 50,000. Ghana na Nigeria waliandaa pamoja mwaka 2000, Gabon na Guinea ya Ikweta mwaka 2012. Kwa nini isiwe sisi na Zambia, ukanda wa shaba wote? Watu wa pande zote mbili ni walewale, wanaoana, wanauziana unga, na tangu fainali ya 1974 wana deni la mpira nasi.

Reli ya Zamani
Kijana wangu wa Kasumbalesa, pendekezo ni zuri, ila unatutafutia mwenzi ambaye naye alirudisha mahari. Zambia walikuwa wamepewa AFCON ya 1988 wakajiondoa, ikaenda Moroko. Sisi 1994, wao 1988. Tutaandaa pamoja nini, majuto?

Na hilo la mpakani umelipita haraka, wewe ambaye jina lako ni la mpaka wenyewe. Malori hulala pale siku ngapi? Utamwambia kocha wa Senegal asubiri nyuma ya lori la saruji?

Mmenikumbusha treni. Miaka ya sabini, timu yetu ya wanareli ilikuwa ikisafiri ndani ya behewa, na kila kituo watu walikuja na ngoma na kuku, tukafika Kamina tumechoka kwa kula kuliko kwa safari. Lakini hiyo ni mada nyingine, naomba radhi.

Msafiri wa Kasumbalesa
Baba, malori yana foleni yao na magari madogo yana yao. Saa tatu au nne ukiwa na bahati. Nikikosa bahati, sisemi.

Bahati wa Ibanda
Ninaandika kutoka Bukavu, na naomba mnisikilize bila hasira. Januari 2016 tulivuka mto Ruzizi alfajiri, tukiwa watu kumi na mmoja, tukapanda basi lililopita msitu wa Nyungwe mpaka Huye, ambako Leopards walikuwa na kundi lao la CHAN. Tuliwafunga Ethiopia mabao 3-0. Rwanda waliandaa mashindano ya timu 16 kwa viwanja vinne tu: viwili Kigali, kimoja Huye, kimoja Rubavu. Kilichonishangaza si uwanja, kwa maana wa Huye ni wa kawaida. Kilichonishangaza ni kwamba kila mtu niliyemwuliza swali alijua jibu: basi la kurudi linasimama wapi, choo kiko wapi, mlango wa tiketi yangu ni upi. Kisha timu yetu ikawatoa wenyeji katika robo fainali kwa mabao 2-1, na tarehe 7 Februari ikaichapa Mali 3-0 mbele ya watu wa Kigali. Bukavu hakukulaliwa.

Sasa, tarehe 7 Februari 2024, miaka minane kamili baadaye, Leopards wetu walisimama Abidjan kwenye nusu fainali ya AFCON, na wakati wa wimbo wa taifa wakaziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bastola. Ninyi mlikuwa mkitazama mpira. Sisi tulijua wanazungumza nasi. Mwaka uliofuata, Goma ilianguka mikononi mwa waasi mwezi Januari na Bukavu mwezi Februari. Uwanja wetu wa Concorde upo palepale Kadutu. Klabu zetu za Muungano na Dawa zina mashabiki walewale. Mnaposema «nchi yetu iko tayari au haiko tayari», mnaihesabu nchi ipi? Mimi sioni kwamba kinachokosekana ni mifereji au milango. Nchi haiwezi kumwalika mgeni sebuleni wakati chumba kimoja kinawaka moto.

Kijana wa Bel-Air
Pole sana, kaka Bahati. Naomba tu tuendelee kuzungumza kuhusu mashindano, ili uzi usije ukafungwa.

Mhandisi wa Ruashi
Bahati, nakuelewa, lakini hoja yako ina ugumu wake. Angola waliandaa AFCON mwaka 2010, miaka minane tu baada ya vita vyao kwisha mwaka 2002, na walijenga viwanja vinne vipya. Tukisubiri amani iwe kamili katika kila kona ya nchi yenye ukubwa huu, wajukuu wetu nao watasubiri.

Bahati wa Ibanda
Ndugu Mhandisi, umeuchagua mfano unaonisaidia mimi. Moja ya miji ya Angola 2010 ilikuwa Cabinda. Tarehe 8 Januari, basi la timu ya Togo lilipigwa risasi likiingia huko kwa barabara, watu wakafa, na Togo wakarudi kwao bila kucheza. Vita vya Angola vilikuwa vimekwisha, lakini vya Cabinda havikuwa vimekwisha, na waliopanga mashindano waliamini kwamba uwanja mpya ungeficha tofauti hiyo.

Mhandisi wa Ruashi
Hapo umenishika.

Mwalimu wa Kipushi
Nimechelewa kuingia, na naona kila mmoja amekuja na ufunguo wake. Wangu ni uongozi na muda. Tazameni wenzetu walionyang'anywa. Kenya (ya Nairobi, ndugu wa Bel-Air) walinyang'anywa AFCON ya 1996, wakanyang'anywa CHAN ya 2018 ambayo ilipelekwa Moroko, na bado Agosti 2025 uwanja wao wa Kasarani ulijaa. Kameruni walinyang'anywa AFCON ya 2019 mnamo Novemba 2018, ikapewa Misri, nao wakaandaa iliyofuata. Hata hiyo CHAN ya Afrika Mashariki ilitakiwa ichezwe Februari 2025, ikasogezwa hadi Agosti kwa sababu maandalizi hayakuwa tayari. Kwa hiyo kunyang'anywa au kuchelewa si aibu ya mwisho. Tofauti iko kwa wanaorudi mezani na kwa wale wanaoacha faili lilale.

Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu. Michezo ya Francophonie ilikuwa imepewa Kanada, jimbo la New Brunswick likajiondoa kwa sababu ya gharama, na Kinshasa ikapewa mwaka 2019. Ilitakiwa ifanyike 2021, ikawa 2022, ikafanyika kweli kuanzia tarehe 28 Julai hadi 6 Agosti 2023. Wengi walicheka mpaka siku ya ufunguzi, kisha wakatazama. Tunaweza kuandaa, ila tunafanya kazi ya miaka minne katika miezi minane ya mwisho, na kazi ya namna hiyo hugharimu mara mbili. Mwaka huohuo wa 2023 FIFA iliiweka FECOFA, shirikisho letu la soka, chini ya kamati ya kurekebisha mambo. Shirikisho ambalo lenyewe lilikuwa likisimamiwa lingesimamia nini?

Kijana wa Bel-Air
Mwalimu, umesahau ushahidi mkubwa kuliko wote. Mwaka 1974 dunia nzima ilikuja Kinshasa kumwona Muhammad Ali na George Foreman. Kama tuliweza wakati huo, tutashindwaje sasa?

Mwalimu wa Kipushi
Lilikuwa pambano moja, katika uwanja mmoja, usiku mmoja, na hata hivyo lilitakiwa kufanyika Septemba likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, ingawa kosa halikuwa letu, kwa kuwa Foreman alichanika juu ya jicho akiwa mazoezini. AFCON ni usiku thelathini katika miji mitano. Francophonie nayo, niseme ukweli dhidi ya mfano wangu mwenyewe, ilikuwa mji mmoja.

Fundi wa Umeme
Na ile mechi ya ngumi ilipiganwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani waitazame jioni kwao, maana yake taa ziliwaka usiku kucha na hazikuzimika. Bwawa la kwanza la umeme la Inga lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tukapata na laini ile ndefu ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, ambayo inapita juu ya vijiji visivyo na balbu hata moja ili kuja kuyeyusha shaba. Nusu fainali ile ya Abidjan mtaani kwetu tuliitazama kwa jenereta ya jirani, watu arobaini mbele ya skrini moja, na mafuta yaliisha dakika chache baada ya Haller wa Côte d'Ivoire kutufunga. Wengine walisema ni Mungu ametuhurumia.

Uwanja wenyewe unaweza kuwa na jenereta zake. Hilo si tatizo. Tatizo ni hoteli thelathini, hospitali, pampu za maji na minara ya simu, vyote vikiwasha jenereta saa moja jioni katika mji mmoja. Mnazungumzia milango na ndege, na mimi nasema tuanze na swichi.

Mama wa Katuba
Na sisi tunaouza chakula, tutakuwa wapi? Afrika Kusini, Kombe la Dunia la 2010, wachuuzi walisukumwa mbali na viwanja ili nafasi ibaki kwa walioidhinishwa. Mimi nimelea watoto watano kwa bukari ya siku za mechi. Mashindano yakija kunifukuza kwa mwezi mzima, nitayatazama kwa jicho gani?

Mwana wa Kamalondo
Mama, lazima liandikwe mapema kwenye makubaliano, vinginevyo itakuwa kama unavyosema. Nimewasoma wote. Bado nasema viwanja, ila sasa nasema viwanja vyenye milango, mifereji, taa na ndege. Naona Baba Reli anacheka huko aliko.

Reli ya Zamani
Sicheki, nahesabu. Umeanza na kitu kimoja na sasa umeongeza vinne, na cha Bahati hujakigusa.

Mwana wa Kamalondo
Cha Bahati sina jibu lake.

Mama wa Katuba
Mwanangu Mhandisi, hizo mita 28 zako, je, pale ninapouza ziko? Kwa macho yangu hazifiki hata nusu.

Mhandisi wa Ruashi
Sijui, Mama, na kwa macho sitasema. Jumapili nitakuja na mkanda nipime kila mlango, uliofunguliwa na uliofungwa, na nitaleta vipimo hapa.

Mama wa Katuba
Njoo kabla ya saa sita, kabla moshi haujawa mwingi. Nitakuwa upande ule wa mlango wa chuma. Lete mkanda mrefu, na ulizia mwenye funguo ni nani.

Reli ya Zamani
Asije siku Mazembe wanacheza na Lupopo, hataona mlango kwa wingi wetu.

Kijana wa Bel-Air
Baba, siku hiyo mlango wa kutokea wa Lupopo huwa unatumika kuanzia dakika ya sitini. Mhandisi, upime huo kwanza.